Fundi, Hii Imeli Yangu Imefungwa Kweli?

Wasomaji wangu hamjambo. Tangu tuongee mambo ya paswadi toleo lililopita maswali yamekuja mengi, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, kufunga imeli ili asome yule tu uliyemwandikia, kile wengi wanaita enkripsheni na Kiswahili cha vitabuni ni kusimba. Nimechagua ya kutoka Kakamega, hapa kwetu Kisumu, Nakuru, Bungoma na Busia. Majina nimeyaacha nje na barua ndefu nimezipunguza. Hili jambo liko karibu na roho yangu kwa hivyo mahali nitakuwa mrefu, mnivumilie.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi ni karani kwa ofisi ya wakili hapa Kakamega. Tuko na mteja anaishi Ujerumani, ni kesi ya shamba la familia, sasa amekataa kabisa kututumia nakala ya hati ya shamba mpaka tumpe kitu anaita ufunguo wetu wa umma, na yeye ametutumia wake, mistari mingi ya herufi na namba haina kichwa wala miguu. Wakili ameniachia mimi nishughulikie. Mimi nauliza, si imeli yetu iko na paswadi na ile kufuli ndogo ya brauza inaonekana pale juu? Ni nini kingine anataka? – Karani, Kakamega

JIBU: Ndugu yangu, huyo mteja ako sawa kabisa na mimi ningefanya kama yeye. Hati ya shamba, kitambulisho, PIN ya ushuru na sahihi ya mwenyewe, ukiweka vyote kwa barua moja umemmalizia mwizi wa mashamba kazi yote.

Paswadi yenu inalinda mlango wa sanduku lenu, haisafiri na barua. Ile kufuli ya brauza nayo inalinda kipande kimoja cha njia, kutoka kompyuta yako mpaka seva, yaani kompyuta kubwa, ya kampuni ya imeli, basi. Mbele ya hapo fikiria vile sisi hutuma vifurushi na matatu. Unapeleka boksi stejini, jamaa wa ofisi anaandika jina na namba ya simu juu yake na kalamu ya wino mzito, gari inaenda Kisumu, boksi linashushwa linawekwa kwa rafu, linangoja gari ya Nakuru, linashushwa tena, mpaka limfikie mwenyewe. Sasa hata kama kila gari ina mlango wa chuma na barabara yote ina askari, kwa zile ofisi za katikati boksi liko wazi, na yeyote mwenye ufunguo wa hiyo ofisi anaweza kuchungulia, kutoa fotokopi ya kila kitu, kisha akarudisha selotepu vizuri na wewe usijue milele. Imeli iko hivo. Barabarani siku hizi mara nyingi inafichwa, lakini kwa seva za huku na za huko inakaa inasomeka, na fotokopi zinabaki hapo miaka.

Na hata hiyo barabara si mara zote. Kanuni ambazo imeli husafiria ziliandikwa 1982 wakati mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na watafiti wanaojuana, ulinzi wa njiani ukaja kuongezwa baadaye na ukaongezwa kwa hiari, yaani seva ya upande wa pili ikisema haijui mambo hayo, barua kwa kawaida inapita bila nguo. Ukitumia Gmail angalia, kama seva ya mpokeaji haikubali utaona kikufuli chekundu kimefunguka. Na kampuni yenyewe inayokutunzia imeli inaweza kusoma, hilo si uvumi, Google mpaka 2017 mashine zao zilikuwa zinapitia maneno ya barua za watu kwa Gmail ili zijue matangazo gani ya kuwaonyesha. Waliacha, lakini ule uwezo haukwenda popote. Ni vile waliamua.

Sasa ile mistari haina kichwa wala miguu ndio uzuri wenyewe. Chukulia mteja wako ametengeneza kufuli nyingi zinazofanana na ufunguo mmoja tu wa kuzifungua. Kufuli anazigawa zikiwa wazi kwa kila mtu, ufunguo anabaki nao. Ukitaka kumtumia kitu unaweka kwa boksi, unabana na kufuli yake, klak, na kuanzia hapo hata wewe uliyefunga huwezi kufungua tena, ni yeye peke yake duniani. Hiyo mistari ndio kufuli. Si siri, angeweza kuibandika kwa mti pale sokoni. Na yeye akitaka kukutumia hati anahitaji kufuli yako wewe, ndio maana anakuomba ufunguo wenu wa umma, ule mwingine wa siri haombi na usimpe mtu yeyote hata karani mwenzako.

Wazo hili la kufuli za kugawa lilitolewa 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, kisha 1991 Phil Zimmermann akaandika programu ya PGP na kuiachia watu bure ili hata mtu wa kawaida afunge barua yake. Serikali yake ilimchunguza miaka 3 juu programu ilivuka mipaka na sheria yao ya wakati huo ilihesabu usimbaji wa nguvu kama silaha za kivita. Walimwachilia 1996 bila kumshtaki. Huwa nawaambia vijana wangu hapa dukani hiyo hadithi, manake kitu mtu amekiweka rehani uhuru wake ili wewe ukipate bure, usikipite tu.

SWALI: Salamu Fundi. Mimi ni mshauri nasaha, napima watu na kuwaelekeza hospitali zingine. Kituo chetu hakina intaneti ya kutegemewa kwa hivyo ripoti za wagonjwa huwa naenda kutuma kutoka saiba jioni nikielekea nyumbani. Roho inanisumbua. Hiyo enkripsheni inaweza nisaidia? – Dada wa Kisumu

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza na asante kwamba roho inakusumbua, kuna wengi haiwasumbui.

Acha nikwambie kitu sijawahi andika hapa. Zamani kabla nifungue duka nilikuwa nafanya kazi kwa saiba moja hapa mjini. Jioni moja nazunguka kuzima mashine, nikafika namba 6, nikagusa mausi skrini ikawaka, inboksi ya mtu iko wazi vile aliiacha. Barua ya juu kabisa kichwa chake kilikuwa "Matokeo ya" halafu jina la mtu, majina matatu yote, na ni mama ninayemjua, huwa ananiuzia omena pale Kibuye. Sikufungua. Nilitoka kwa hiyo akaunti nikafuta historia yote nikazima mashine. Lakini kichwa nilikuwa nimeshakisoma, na kichwa kilikuwa na la kutosha. Jumamosi nilienda sokoni, mama akanipimia gorogoro akaniongeza kidogo juu kama kawaida yake akaniuliza mama yangu anaendeleaje, na mimi nashindwa kumwangalia usoni. Yeye hakuwa ameniambia kitu, alikuwa amemwambia mtu mmoja ndani ya chumba kimefungwa mlango, na yule mtu kwa haraka zake akaniambia mimi bila kujua. Mpaka leo nikimwona huyo mama naona ile skrini.

Kwa hivyo nianze na huo ubaya. PGP ya kawaida inafunga mwili wa barua na viambatisho, haifungi bahasha. Nani ametuma, nani anapokea, saa ngapi, na kile kichwa cha barua vinabaki nje vinasomeka, kama lile jina lililoandikwa juu ya boksi la matatu. Kuna programu za imeli kama Thunderbird zinaweza kuficha kichwa kama pande zote mbili zinaielewa, lakini usitegemee. Kichwa chako kiwe "Faili ya Jumanne" ama namba ya rejista, jina la mgonjwa lisikae hapo kamwe, hata leo kabla hujajifunza kitu kingine chochote.

La pili litakuuma kidogo. Saiba usifungue ufunguo wako wa siri, hata mara moja. Hujui mashine hiyo ina programu gani imekaa nyuma inanakili kila herufi unayopiga, na enkripsheni haina nguvu juu ya macho yaliyo ndani ya kompyuta yenyewe, inalinda kutoka mashine hadi mashine, sasa mashine ikiwa ya adui umefunga mlango na mwizi ako chumbani. Afadhali simu yako mwenyewe na bando ya shilingi hamsini kuliko saiba yenye kompyuta mpya zinang'aa. Kwa Android kuna programu inaitwa OpenKeychain inashika funguo, inafanya kazi pamoja na K-9 Mail ama Thunderbird ya simu.

Na kama hospitali unayoitumia haijui PGP, na nadhani haijui, kuna njia ya katikati ambayo mimi naiona ni halali kabisa. Kwa laptopu ya kituo weka 7-Zip, ni ya bure, funga ripoti ndani yake na paswadi ndefu, uweke alama pale pa kuficha majina ya faili, kisha paswadi umwambie mpokeaji kwa kumpigia simu. Usiitume kwa imeli hiyo hiyo, kuna watu hufanya hivo na ni kama kufunga nyumba ukaacha ufunguo kwa komeo.

Kisheria pia uko pabaya bila haya. Kama vipimo vyako ni vya virusi, sheria ya ukimwi ya 2006 inakataza kutoa matokeo ya mtu ovyo, na sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu afya ya mtu kama data nyeti, ikivuja na kuna hatari ya kweli ya mwenyewe kuumia, kituo kina saa 72 kumwarifu kamishna wa data, na lazima wagonjwa wenyewe waambiwe. Sheria hiyo hiyo inasema kama data ilikuwa imesimbwa, huenda hamtahitajika kuwaambia wenyewe, juu aliyeichukua amechukua takataka. Mwonyeshe mkubwa wako hicho kipengele. Wakubwa wengi husikia sheria haraka kuliko wanavyosikia huruma.

SWALI: Fundi mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo Nakuru. Mwaka jana kabla ya mvua ya Machi mtu tunanunua kwake stoki aliniandikia imeli kwamba benki yao imebadilika nilipe kwa akaunti mpya. Ilikuwa imeli yake ile ile ya siku zote, hata ilijibu kwa ile barua yetu ya invoisi. Nikalipa. Hakuwa yeye. Pesa yote ya msimu ikaenda. Ningekuwa na hiyo enkripsheni ingeniokoa? – Mama wa mbegu, Nakuru

JIBU: Pole sana Mama. Pole tena. Na usikubali mtu akuambie ulikuwa mjinga, mwizi alikuwa ndani ya sanduku la mwenzako anasoma invoisi zenu polepole akingojea siku ya malipo, huo mtego wanaingia hata wahasibu wa kampuni kubwa.

Kufunga peke yake haingekuokoa. Kitu ingekuokoa ni ndugu yake, sahihi ya kidijitali. Zile funguo mbili zinafanya kazi pia kinyume, mwenye ufunguo wa siri anatia muhuri kwa barua, na mtu yeyote mwenye ufunguo wake wa umma anaweza kuona kama muhuri ni wake na kama kuna hata herufi moja imeguswa njiani. Namba ya akaunti ikibadilishwa tarakimu moja muhuri unakataa. Mwizi aliyeiba paswadi ya imeli ya yule mwenzako angeweza kuandika barua, muhuri hangekuwa nao, kwa sababu ufunguo wa siri unakaa kwa kompyuta ya mwenzako hauko kwa seva ya imeli. Lakini, na hii lakini ni kubwa, ingebidi wewe uwe umezoea kuona muhuri kwa kila barua yake hata ushtuke ukikosekana. Muhuri wa mara moja moja haumshtui mtu.

Kabla mfike huko, Mama, mkubaliane kitu kimoja, akaunti ikibadilika lazima mpigiane simu kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iko kwa hiyo imeli. Na nyote muweke uthibitisho wa hatua mbili kwa imeli zenu wiki hii.

SWALI: Niaje Fundi. Nasomea Maseno, kwetu ni Bungoma. Nilijaribu kuweka hii kitu ya PGP wikendi mzima na mwisho nikaachana nayo. Mara ufunguo haupatikani, mara ati umeisha muda, mara nimetuma halafu mwenzangu anaona uchafu tu. Ni mimi mbumbumbu ama? – Mwanafunzi

JIBU: Mdogo wangu, si wewe. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na Doug Tygar, waliketisha watu 12 waliozoea imeli, wakawapa PGP ya wakati huo na dakika 90, kazi ni kutuma barua iliyofungwa na kutiwa muhuri. Waliofaulu vizuri ni thuluthi moja tu. Robo yao walituma ile siri ikiwa wazi kwa makosa, na mmoja wao alidhani imefungwa, na hiyo ndio inatisha, mtu anajua yuko salama kumbe yuko uchi.

Na kuna lingine. Desemba 2012 Edward Snowden, aliyekuwa anafanya kazi za ujasusi wa Marekani, alimwandikia mwanahabari Glenn Greenwald bila kujitambulisha, akamwomba aweke PGP ili amtumie mambo mazito. Akamwandikia maelekezo hatua kwa hatua, akamtengenezea hata video. Greenwald hakuweka, ilikuwa kazi nyingi na yeye alikuwa na shughuli zake. Snowden ikabidi atafute njia kupitia Laura Poitras, mtengeneza filamu ambaye alikuwa ameshajua kuitumia. Habari kubwa ya 2013, vile Marekani ilikuwa inapeleleza simu na imeli za watu, nusura ipotee hapo, kwa ugumu wa kuweka programu.

Kwa hivyo mimi silaumu watumiaji. Waliotengeneza hizi programu waliwaza hesabu miaka mingi na wakamsahau mtu, na hilo hunikasirisha, manake hesabu zenyewe ni imara, ni mlango tu ulijengwa juu sana na ngazi hakuna.

Siku hizi kuna afadhali. Thunderbird tangu 2020 ina OpenPGP, yaani PGP ya kanuni zilizo wazi kwa wote, ndani yake, huhitaji kuongeza kitu. Nenda mipangilio ya akaunti, sehemu ya usimbaji, tengeneza ufunguo mpya, ni kama dakika mbili. Utaona inaupa miaka 3 halafu unaisha, hilo ndio lilikushinda wewe, mwenzako alikuwa na ufunguo uliokwisha muda na unatakiwa tu kuongezwa siku na yeye mwenyewe, hautupwi. Ule uchafu mwenzako aliona ni barua iliyofungwa kwa ufunguo ambao si wake, pengine wake wa zamani, ama aliifungua kwa simu isiyo na programu. Mwambie akutumie ufunguo upya kama kiambatisho. Pia zima picha za mbali, zile barua inavuta kutoka mtandaoni, na usome barua kama maandishi matupu, mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walionyesha barua zenye mapambo ya HTML zinaweza kudanganya programu ikamwaga siri yenyewe, ilirekebishwa lakini hiyo tabia ni nzuri kubaki nayo.

Anza na mtu mmoja. Rafiki mmoja mko naye chumba kimoja, tumianeni vitu vya upuuzi mpaka vidole vizoee. Ukianza na barua muhimu utatetemeka na ukikosea hutarudi tena.

SWALI: Laptopu yangu iliibiwa stendi ya basi Kisumu. Nimenunua nyingine nikaweka imeli, barua zote zimerudi lakini zile zilizofungwa hazifunguki. Nifanye nini? – Ameibiwa

JIBU: Ndugu yangu, kama ufunguo wa siri ulikuwa kwa hiyo laptopu peke yake, barua hizo zimekwenda. Hakuna ofisi ya kupiga simu, hakuna kitufe cha kusahau paswadi, mimi siwezi na kampuni ya imeli haiwezi, kwa sababu kama ingeweza basi na mwizi angeweza. Najua inauma. Waandikie wale mliokuwa mnaandikiana wasitumie ule ufunguo tena, na kama ulihifadhi mahali cheti cha kuufuta, yaani faili ya kutangaza ufunguo hautumiki tena, kitumie leo.

Kwa wengine mnaosoma, leo hii toeni nakala ya ufunguo wa siri, muifunge na paswadi, muiweke kwa flashi mbili. Moja ikae nyumbani pale mnaweka vyeti vya kuzaliwa na ya pili kwa ndugu mnayemwamini mji mwingine. Hapa kwetu mafuriko hufika, moto hufika, na stima ikirudi kwa nguvu huchoma mashine, flashi moja haitoshi.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu Busia. Kijana wangu anasumbua ati tuandikiane imeli za kufungwa. Nimeishi bila kuiba, sina la kuficha. Kwani anaogopa nini? – Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu, pokea salamu zangu. Najua umeuliza kwa moyo safi na nitakujibu vile vile.

Ulipokuwa unamchumbia mama watoto bila shaka uliandika barua. Uliiweka kwa bahasha, ukalamba gundi, ukabandika stempu. Hukuwa unaficha wizi. Ni kwamba yale maneno yalikuwa ya mtu mmoja, hayakuwa ya karani wa posta wala ya mwenye duka aliyeletewa mfuko wa barua za kijiji kizima. Na katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha pamoja na mawasiliano yake kutoingiliwa. Haikuandika isipokuwa asiye na la kuficha.

Tena Mwalimu, wewe huenda huna, lakini kijana wako anapokuandikia kuhusu mkopo wake ama ugonjwa wa mkewe, hiyo ni siri yake imekaa kwa sanduku lako. Ukimkatalia bahasha, yeye ndiye anaachwa nje kwa mvua. Mwambie akija Desemba aketi na wewe aiweke yeye mwenyewe kwa simu yako, na akuandikie kwa karatasi zile hatua mbili tatu, uibandike kwa ukuta.

SWALI: Si tutumie tu WhatsApp ama Signal, stori iishe? – Wengi, kutoka kila mahali

JIBU: Kwa kuongea na mtu, ndio, na nasema bila kusita. WhatsApp inafunga ujumbe wote tangu 2016, Signal vile vile na inahifadhi habari zako chache zaidi. Funguo zinatengenezwa kimya kimya, hujui hata zipo, na hubadilika kila mara hivi kwamba ukiibiwa ufunguo wa leo jumbe za jana hazifunguki. PGP haina hiyo, ufunguo mmoja ukiibiwa barua zote za nyuma zinasomeka, na huo ni udhaifu wake mkubwa. Ila kwa WhatsApp angalia nakala zako za akiba za mtandaoni, kuzifunga kulianza 2021 na lazima uwashe mwenyewe.

Lakini mahakama haikuandikii kwa WhatsApp. Wafadhili, vyuo vya nje, mabenki, wanataka imeli, na imeli haina kampuni moja inayoweza kuizima ikaisha. Ndio maana nang'ang'ana nayo.

SWALI: Fundi ni mimi tena karani wa Kakamega, nilipata jibu lako kwa simu na ufunguo nimetengeneza. Nitajuaje ule wa mteja ni wake kweli, si wa mtu ameingia katikati? – Karani

JIBU: Umeuliza swali ambalo watu wengi hawaulizi, na bila hilo yote ya juu ni bure, manake ukifunga boksi na kufuli ya mwizi umemfungia mwizi.

Kila ufunguo una alama ya kidole chake, kwa funguo nyingi za sasa ni herufi na tarakimu 40, programu inazionyesha kwa mafungu kumi ya nne nne. Mpigie mteja simu ya video, umwone uso, na wakili awepo juu yeye ndiye anamjua kwa sura na sauti. Usimtumie hizo herufi kwa imeli. Mwambie asome fungu la kwanza kutoka kwa skrini yake, wewe ufuate kwa kidole kwa skrini yako, halafu fungu la pili usome wewe, mkipokezana hivo mpaka mwisho, polepole, D isichanganywe na B wala tano na tisa. Nilifanya hivo juzi na mteja wangu ako Nakuru, ilituchukua dakika nne na stima ilipotea tukiwa fungu la saba, tukamalizia na mwanga wa simu.

Herufi moja ikikataa usitume kitu, mwambie alete ufunguo upya muanze tena. Zikikubali zote, uweke alama kwamba umeuhakiki, uambatishe makaratasi ya kesi, na uangalie Thunderbird inaonyesha kufuli imefungwa kabla hujagusa kitufe cha kutuma.